Braxton Bragg

Braxton Bragg (Warrenton, North Carolina, 22 Machi 1817 – Galveston, Texas, 27 Septemba 1876) alikuwa mwanajeshi wa Marekani aliyefikia cheo cha jenerali kamili katika jeshi la Shirikisho la Madola ya Amerika wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Tangu Juni 1862 hadi mwisho wa Novemba 1863 aliongoza jeshi kuu la Kusini katika eneo la magharibi, yaani majimbo ya Tennessee, Kentucky na kaskazini mwa Georgia. Katika muda huo alipata ushindi mkubwa mara moja tu, huko Chickamauga, na hakuutumia.

Leo wengi hulijua jina lake kwa sababu ya Fort Bragg, kambi ya jeshi iliyopo karibu na mji wa Fayetteville, North Carolina, ambayo ni kati ya kambi za kijeshi zenye askari wengi zaidi duniani. Kambi hiyo ilipewa jina lake mwaka 1918, ikabadilishwa kuwa Fort Liberty mwaka 2023, kisha ikarudishiwa jina la Fort Bragg mwaka 2025, lakini safari hii kwa heshima ya mtu mwingine.

Utoto na masomo

Bragg alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Thomas Bragg, fundi seremala aliyeinuka na kuwa mkandarasi wa ujenzi, na mke wake Margaret Crosland. Familia haikuwa maskini, lakini katika mji mdogo wa Warrenton uliotawaliwa na wenye mashamba makubwa ilihesabiwa kuwa ya watu wa chini, na inasemekana dharau hiyo ilimkaa Braxton moyoni maisha yake yote. Kaka yake Thomas alisomea sheria, akawa gavana wa North Carolina, kisha seneta, na baadaye mwanasheria mkuu wa serikali ya Shirikisho.

Baba yake alimchagulia jeshi. Mwaka 1833 aliingia Chuo cha Kijeshi cha West Point, akahitimu mwaka 1837 akiwa wa tano katika darasa la wanafunzi 50. Miongoni mwa wenzake wa darasa hilo walikuwemo Joseph Hooker na John Sedgwick, ambao baadaye walikuwa majenerali wa Muungano, pamoja na Jubal Early na John Pemberton waliopigania Kusini.

Alipangiwa Kikosi cha 3 cha Mizinga, akapelekwa Florida kwenye vita dhidi ya Waseminole. Hali ya hewa ya huko ilimletea maradhi, na tangu hapo hakuwa tena na afya njema: aliteswa mara kwa mara na homa, maumivu ya kichwa na ya tumbo. Waandishi wengi wa maisha yake wameona uhusiano kati ya maradhi hayo na hasira zake.

Kwa kuwa alikuwa mgomvi. Aliandika magazetini kulaumu uongozi wa jeshi, akapata kushtakiwa kijeshi. Kisa maarufu zaidi kimo katika kumbukumbu za Ulysses Grant. Bragg, akiwa kamanda wa kombania, alishika pia kwa muda nafasi ya ofisa ugavi wa kituo. Kama kamanda aliandika barua ya kuomba vifaa. Kama ofisa ugavi akaikataa na kueleza sababu. Kama kamanda akajibu kwamba anastahili kupewa. Kama ofisa ugavi akashikilia msimamo. Hatimaye alipeleka shauri hilo kwa mkuu wa kituo, ambaye alishangaa kuona kwamba Bragg, baada ya kugombana na maofisa wote, sasa amefikia kugombana na nafsi yake. Huenda kisa kimetiwa chumvi, lakini waliomfahamu walikiona kinamfaa.

Vita dhidi ya Meksiko

Sifa yake ilianzia Meksiko. Alipigana kwenye Fort Brown na Monterrey mwaka 1846, na tarehe 23 Februari 1847 alikuwa Buena Vista, ambako jeshi dogo la Zachary Taylor lilikabiliana na jeshi kubwa zaidi la Antonio López de Santa Anna. Mizinga mepesi ya Bragg iliyokokotwa na farasi ilihamishwa haraka kutoka sehemu moja ya uwanja hadi nyingine, ikafika palipokuwa panakaribia kuvunjika na kuwarudisha nyuma Wameksiko. Kati ya waliookolewa na mizinga hiyo walikuwemo askari wa kujitolea kutoka Mississippi chini ya kanali Jefferson Davis. Urafiki wa baadaye kati ya watu hao wawili, ulioligharimu sana jeshi la Kusini, ulikuwa na mizizi hapo.

Inasimuliwa kwamba katikati ya mapigano Taylor alimwambia Bragg aongeze risasi katika mizinga yake. Magazeti yaliyapamba maneno ya mzee huyo mpaka yakawa kaulimbiu katika kampeni ya urais ya mwaka 1848, ambayo Taylor alishinda. Bragg alipandishwa cheo mara tatu kwa sababu ya vita hivyo, akawa luteni kanali wa heshima.

Askari wake mwenyewe hawakumpenda vile. Mwaka 1847, wakiwa bado Meksiko, mtu alitega kombora chini ya kitanda chake likalipuka usiku. Kitanda kiliharibika, yeye akatoka bila jeraha.

Mmiliki wa watumwa

Mwaka 1849 Bragg alimwoa Eliza Brooks Ellis, binti wa familia tajiri ya wakulima wa miwa huko Louisiana. Hawakupata watoto. Jefferson Davis alipokuwa waziri wa vita aliamuru vikosi vya mizinga vipelekwe kwenye mipaka ya magharibi kupambana na Waindio, jambo ambalo Bragg aliliona la kipuuzi. Baada ya kutofautiana naye alijiuzulu, akaacha jeshi mwanzoni mwa mwaka 1856.

Alinunua shamba la miwa karibu na Thibodaux, Louisiana, lenye ukubwa wa ekari 1,600 hivi, pamoja na watumwa 105 waliokuwa wakilifanyia kazi. Alilipa shamba jina la Bivouac, yaani kambi ya muda ya askari, na akaliendesha kwa nidhamu ya kijeshi. Kilimo cha miwa kilijulikana kuwa kazi ngumu kuliko nyingi za utumwa wa Marekani: wakati wa mavuno watu walikata miwa mchana na kuchemsha maji yake usiku, kwa sababu miwa iliyokatwa huharibika upesi na baridi ya Desemba ingeweza kuangamiza iliyobaki shambani. Bragg hakuonyesha mashaka yoyote kuhusu haki ya kumiliki binadamu. Hilo ndilo jambo lililorudishwa mezani zaidi ya miaka 160 baadaye, wakati jina lake lilipojadiliwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe

Bragg hakuwa mshabiki wa kujitenga kwa majimbo ya Kusini, lakini Louisiana ilipochukua hatua hiyo Januari 1861 hakusita upande wa kufuata. Hata kabla ya tangazo rasmi aliwaongoza askari wa kujitolea hadi Baton Rouge, ambako ghala la silaha la serikali kuu lilisalimishwa bila kumwaga damu. Mwezi Machi alifanywa brigedia jenerali wa Shirikisho na kukabidhiwa pwani ya Pensacola, Florida. Huko alionyesha kipaji chake halisi, yaani kuwachukua vijana wasiojua lolote na kuwafanya askari. Vikosi vyake vilihesabiwa kati ya vilivyofunzwa vizuri zaidi Kusini.

Tarehe 6 na 7 Aprili 1862 aliongoza sehemu moja ya jeshi la Albert Sidney Johnston katika mapigano ya Shiloh, Tennessee. Mbele ya mahali ambapo askari walipaita Kiota cha Mavu, alituma vikosi kimoja baada ya kingine kushambulia moja kwa moja, na vingi vikakatwakatwa. Johnston aliuawa siku hiyo. Bragg alipandishwa kuwa jenerali kamili, na mwezi Juni, P.G.T. Beauregard alipoondoka kwa ugonjwa, Davis, sasa rais wa Shirikisho, alimpa Bragg jeshi lote.

Alianza vizuri. Badala ya kubaki Mississippi aliwapakia askari wake wapatao 30,000 kwenye treni, akawazungusha kupitia Mobile hadi Chattanooga, safari ya kilomita zaidi ya 1,200. Ulikuwa uhamisho mkubwa kabisa wa askari kwa reli ambao Shirikisho lilikuwa limewahi kuufanya. Kutoka huko aliingia Kentucky, akawateka askari zaidi ya 4,000 wa Muungano huko Munfordville, na mwezi Oktoba akahudhuria kuapishwa kwa gavana wa Shirikisho katika mji mkuu wa jimbo hilo, Frankfort. Gavana huyo hakumaliza hata siku moja mjini: mizinga ya Muungano ilisikika na wageni wakatawanyika. Tarehe 8 Oktoba Bragg alipigana Perryville na sehemu tu ya jeshi lake dhidi ya jeshi ambalo hakujua ukubwa wake. Alipogundua, alirudi nyuma, na Kentucky haikuwa tena ya Shirikisho.

Mtindo huo ulijirudia. Huko Murfreesboro, kando ya mto Stones, alishambulia alfajiri ya tarehe 31 Desemba 1862 na kuukunja upande mzima wa jeshi la William Rosecrans. Alituma ujumbe wa ushindi Richmond. Rosecrans hakuondoka. Tarehe 2 Januari Bragg alimwamuru John Breckinridge kushambulia kilima kilicholindwa na mizinga mingi; Breckinridge alipinga, akalazimishwa, na kupoteza watu wapatao 1,800 katika muda wa saa moja hivi. Kisha Bragg akarudi nyuma. Pande zote mbili kwa pamoja zilipoteza karibu watu 24,000 kwa kuhesabu waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa.

Uhasama na Breckinridge ulikuwa umeanza siku chache kabla ya hapo. Tarehe 26 Desemba kijana mmoja wa Kentucky aliyeondoka kambini bila ruhusa alipigwa risasi mbele ya kikosi chake, ingawa Breckinridge na maofisa wengine walimwombea msamaha. Kwa Bragg sheria ya kutoroka jeshini ilikuwa moja kwa wote. Kwa askari wa Kentucky, ambao jimbo lao lilikuwa mikononi mwa adui, hayo yalikuwa mauaji, na hawakusahau.

Mwezi Januari 1863 Bragg alifanya jambo ambalo majenerali wachache wangelifanya: aliwaandikia wakuu walio chini yake kuwauliza maoni yao juu ya uongozi wake. Walimjibu kwa adabu kwamba afadhali aondoke. Davis alimtuma Joseph Johnston kuchunguza, naye Johnston akashauri abaki.

Chickamauga na Chattanooga

Katika kiangazi cha 1863 Rosecrans alimsukuma Bragg nje ya Tennessee ya kati karibu bila mapigano, na mwanzoni mwa Septemba akauteka mji wa Chattanooga, njia panda ya reli ya Kusini. Lakini jeshi la Muungano lilitawanyika milimani, na Bragg akageuka. Mara mbili alipanga kuvishambulia vikosi vilivyokuwa peke yake. Mara mbili wasaidizi wake walichelewa au hawakutii. Lawama hizo haziwezi kuwekwa kwa Bragg peke yake, ingawa amri zake mara nyingi hazikueleweka na majenerali wake walikuwa wamekwisha kuzoea kutomwamini.

Mapigano makubwa yalitokea kando ya kijito cha Chickamauga, Georgia, tarehe 19 na 20 Septemba. Bragg alikuwa ameongezewa vikosi kutoka Virginia chini ya James Longstreet. Siku ya pili amri iliyokosewa ilifungua pengo katika safu ya Muungano, na Longstreet akapita hapohapo. Rosecrans mwenyewe alikimbia na theluthi ya jeshi lake. Aliyesimama imara hadi jioni ni George Thomas, Mvirginia aliyebaki mwaminifu kwa Muungano, na ambaye katika ujana aliwahi kuwa rafiki wa Bragg katika Kikosi cha 3 cha Mizinga. Pande mbili zilipoteza zaidi ya watu 34,000. Ni Gettysburg tu iliyozidi idadi hiyo katika vita vyote.

Kesho yake maofisa walimsihi Bragg awafuate walioshindwa kabla hawajajipanga. Hakufanya hivyo. Alikuwa amepoteza watu wengi kuliko adui, wanyama wa kukokota mizinga walikuwa wamekufa kwa maelfu, na inaonekana hakuamini kabisa kwamba ameshinda. Aliuzingira mji wa Chattanooga akitarajia njaa ifanye kazi.

Wakati wa mzingiro huo vita vya ndani vilipamba moto. Bragg alimwondoa Leonidas Polk, askofu wa Kanisa la Episkopali aliyevaa sare ya jenerali, kwa kuchelewa kushambulia. Majenerali kadhaa walitia saini ombi kwa rais la kutaka Bragg aondolewe. Davis alisafiri mwenyewe kutoka Richmond, akawakalisha wakuu wa vikosi na kuwauliza maoni yao huku Bragg akiwa ameketi chumbani humohumo. Mmoja baada ya mwingine alisema hafai. Davis akamwacha kazini, akawahamisha baadhi ya walalamikaji, na baadaye Longstreet akatumwa mbali, Knoxville, na maelfu ya askari ambao wangehitajika.

Upande wa pili alikuwa amefika Ulysses Grant, akafungua njia ya chakula na kuleta askari wapya. Tarehe 24 Novemba Bragg alinyang'anywa mlima Lookout. Siku ya pili askari wa Thomas, walioamriwa kuteka mahandaki ya chini tu, waliendelea kupanda ukingo wa Missionary Ridge bila kungoja amri na kulivunja jeshi la Kusini lililokuwa juu. Bragg mwenyewe aliponea chupuchupu kutekwa. Aliomba kuondolewa, na safari hii Davis alikubali.

Hata hivyo Februari 1864 rais alimwita Richmond kuwa mshauri wake wa kijeshi. Katika kazi ya ofisini, ya kusimamia ugavi, uandikishaji na magereza, Bragg alifaa kuliko vitani. Mwisho wa mwaka alipelekwa kulinda Wilmington, North Carolina, bandari kubwa ya mwisho ya Shirikisho. Ngome ya Fort Fisher ilianguka tarehe 15 Januari 1865 bila yeye kuisaidia ipasavyo, na mji ukafuata mwezi uliofuata. Mapigano yake ya mwisho yalikuwa Bentonville mwezi Machi. Alikamatwa Georgia mwezi Mei na kuachiliwa kwa ahadi ya kutopigana tena.

Miaka ya mwisho

Shamba la Bivouac lilikuwa limetwaliwa na serikali kuu, na kwa muda likatumika kuwahifadhi watu waliotoka utumwani. Bragg na Eliza walihamia kwa ndugu huko Alabama wakiwa hawana kitu. Alisimamia maji ya mji wa New Orleans, akauza bima, akasimamia kazi za bandari ya Mobile mpaka alipogombana na waajiri, kisha akaenda Texas kuwa mhandisi wa reli na baadaye mkaguzi wa reli wa jimbo. Tarehe 27 Septemba 1876 alikuwa akitembea na rafiki katika barabara ya Galveston alipoanguka ghafla na kufa, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa katika makaburi ya Magnolia, Mobile.

Kambi yenye jina lake

Mwaka 1918, Marekani ikiwa katika Vita vikuu vya kwanza, jeshi lilitafuta uwanja wa kufundishia mizinga. Lilichagua ardhi ya mchanga na misonobari karibu na Fayetteville, yenye maji, reli na watu wachache. Kambi iliitwa Camp Bragg kwa kuwa Bragg alikuwa mzaliwa wa jimbo hilo na mtu wa mizinga. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuzipa kambi za Kusini majina yatakayowapendeza wenyeji, na wenyeji waliohesabiwa ni wazungu; raia weusi wa North Carolina walikuwa wamenyimwa kura kwa miaka karibu ishirini. Hivyo jenerali aliyelipigania Shirikisho dhidi ya jeshi la Marekani akapewa kambi ya jeshi hilohilo.

Mwaka 1921 wizara ilitaka kuifunga, lakini mkuu wake, Albert Bowley, aliitetea, na tarehe 30 Septemba 1922 ikawa kambi ya kudumu, Fort Bragg. Katika Vita vikuu vya pili askari waliokuwepo kwa wakati mmoja walifikia 159,000. Divisheni ya 82 ya askari wa miamvuli iliweka makao yake hapo mwaka 1946. Huko ndiko Desemba 1947 wanamiavuli weusi wa Batalioni ya 555 walipoingizwa katika divisheni hiyo, miezi kadhaa kabla rais Truman hajaamuru kukomeshwa kwa ubaguzi jeshini. Walifanya hivyo katika kambi yenye jina la mtu aliyemiliki watumwa 105. Mwaka 1961 rais Kennedy aliitembelea na kuvikubali vikosi maalumu kuvaa kofia za kijani.

Baada ya kuuawa kwa George Floyd mwaka 2020, bunge lilipitisha sheria ya kuondoa majina ya Shirikisho katika mali za jeshi. Rais Donald Trump aliikataa, na bunge likaipitisha juu ya pingamizi lake tarehe 1 Januari 2021. Kamati ya watu 8 chini ya admirali mstaafu Michelle Howard ilishughulikia kambi tisa za nchi kavu. Wanne kati ya waliotajwa na kambi hizo, yaani Bragg, Polk, Hood na Benning, walikuwa pamoja Chickamauga, wakiwemo wawili waliochukiana waziwazi.

Kambi nane zilipewa majina ya watu. Fort Bragg peke yake ilipewa neno: tarehe 2 Juni 2023 ikawa Fort Liberty, yaani Ngome ya Uhuru. Kwa wanajeshi waliotumikia hapo miaka mingi jina la zamani lilikuwa limekwisha kuwa mali yao wenyewe, na wengi hawakuacha kulitumia. Wengine, hasa maofisa na maveterani weusi, waliona kwamba mabadiliko yamechelewa.

Tarehe 10 Februari 2025 waziri wa ulinzi Pete Hegseth aliamuru jina la Fort Bragg lirudi. Kwa kuwa sheria ya 2021 inakataza kuwaenzi watu wa Shirikisho, alitajwa Bragg mwingine: Roland L. Bragg wa Maine, askari wa kawaida wa miamvuli aliyepata nishani ya Silver Star na ya Purple Heart katika mapigano ya Ardennes wakati wa Vita vikuu vya pili, na aliyefariki mwaka 1999. Njia hiyohiyo ilitumika baadaye mwaka huo kurudisha majina ya kambi nyingine. Wapinzani waliiona kuwa hila ya kuikwepa sheria. Waliounga mkono walisema heshima kwa askari huyo ni ya kweli.

Jina la jenerali mwenyewe limebaki California. Mwaka 1857 luteni Horatio Gibson, aliyewahi kutumikia chini yake, alianzisha kituo cha kijeshi kwenye pwani ya kaskazini na kukiita Fort Bragg, miaka minne kabla ya vita. Mji uliokua hapo ulijadili kubadilisha jina mwaka 2020, lakini bado unaitwa hivyo. Braxton Bragg hakuwahi kufika huko.